Kalori 500 za Casey Martin: siku gofu ilipopimwa mahakamani

Tarehe 29 Mei 2001, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi kati ya PGA Tour, waendeshaji wa mashindano ya gofu ya kulipwa, na mchezaji wa gofu aitwaye Casey Martin. Wanasheria huisoma kwa ajili ya haki za watu wenye ulemavu, na hizo ndizo zilizoipa umaarufu. Lakini ndani ya hukumu ile imo hesabu ya kalori, iliyotolewa na mtaalamu mbele ya hakimu, ikapingwa na upande wa pili, kisha ikakubaliwa. Ubishi wa kama gofu ni zoezi au ni matembezi tu ya wenye nafasi huwa haufiki mbali, maana wabishi hawalazimiki kuthibitisha wanachosema. Mahakamani kulikuwa na kulazimika, na kilichopatikana kinafaa kuchambuliwa na yeyote anayebeba mfuko wa fimbo akitumaini kupunguza kitambi.

Kisa chenyewe

Martin alizaliwa mwaka 1972 huko Oregon akiwa na ugonjwa wa mishipa ya damu uitwao Klippel-Trenaunay-Weber. Damu iliyokuwamo katika mguu wake wa kulia haikurudi moyoni ilivyopaswa. Mguu ulimuuma, misuli yake ilikuwa imenywea, na madaktari waliona kwamba kutembea mwendo mrefu kungeweza kumletea damu kuganda, kuvuja damu kwa ndani, au kuvunjika mfupa wa muundi vibaya kiasi cha kukatwa mguu. Pamoja na hayo alikuwa mchezaji hodari. Alikuwa katika timu ya Chuo Kikuu cha Stanford iliyotwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1994, na baadaye Tiger Woods akawa mwenzake katika timu hiyohiyo. Alipokuwa chuoni, wasimamizi wa michezo ya vyuo walimruhusu kutumia kigari cha kuzungukia uwanja pale ambapo wengine walitakiwa kutembea.

Mwaka 1997 akajaribu kuingia PGA Tour kupitia mashindano yake ya mchujo. Hatua mbili za kwanza za mchujo ziliruhusu vigari kwa kila mtu. Hatua ya tatu haikuruhusu. Martin akaomba aruhusiwe, akakataliwa, akaenda mahakamani akitumia Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990. Kesi ilisikilizwa Eugene, mji wa Oregon, mwanzoni mwa 1998, akashinda. Ikaenda mahakama ya rufaa, akashinda tena. Ikafika juu kabisa na akashinda kwa majaji 7 dhidi ya 2. Jaji John Paul Stevens ndiye aliyeandika hukumu, na Antonin Scalia akaandika upinzani mkali uliobeba pia jina la Clarence Thomas.

Hoja ya PGA Tour inahusu moja kwa moja swali letu. Walisema kutembea ni sehemu ya shindano kwa sababu kunaleta uchovu, na uchovu huathiri upigaji wa mpira. Kwa hiyo anayepanda kigari anacheza mchezo mwepesi kuliko wenzake. Wakaleta majina ambayo kila mpenzi wa gofu anayaheshimu: Arnold Palmer, Jack Nicklaus na Ken Venturi. Ushahidi wa Venturi ulikuwa na uzito wa pekee. Mwaka 1964 alishinda US Open katika uwanja wa Congressional, kwenye joto lililokaribia nyuzi 100 za Fahrenheit, na nusura aanguke kabla ya kumaliza. Ukimsikiliza mtu kama huyo, ni vigumu kumwambia kwamba gofu haichoshi.

Hesabu ya profesa

Upande wa Martin ulimleta Gary Klug, profesa wa fiziolojia. Hesabu yake ilikuwa fupi. Kuutembea uwanja wa mashindano, mwendo wa takriban maili 5, humtumia mchezaji kalori 500 hivi. Kisha akatoa mfano ambao umedumu kuliko jina lake: kwa kipimo cha lishe, hizo ni pungufu ya zile zilizomo katika baga moja ya Big Mac. Tena maili hizo 5 hutembewa kwa muda wa saa 5, na katikati kuna nafasi nyingi za kupumzika, kunywa na kula. Akahitimisha kwamba gofu ni kazi ya nguvu ndogo, na uchovu wake hasa ni wa akili, unaotokana na shinikizo na ari. Hata kwenye joto kali, kinachomwangusha mchezaji ni kupoteza maji mwilini kuliko kazi ya kutembea. Kwa maneno mengine, Venturi alisema kweli kuhusu alichokipata, akakosea sababu yake.

Hakimu alikubali. Tangu hapo, kalori 500 zimekuwa silaha ya kila anayeidharau gofu. Mimi naona hesabu ile ni sahihi na imetumiwa vibaya.

Kwanza usahihi wake. Mtu wa kilo 80 anayetembea kwenye tambarare kwa mwendo wa kawaida hutumia kati ya kalori 55 na 60 kwa kila kilomita. Maili 5 ni kilomita 8. Zidisha, unapata kati ya 440 na 480. Klug hakumpunja mtu. Alihesabu kile alichoulizwa, yaani gharama ya kutembea, kwa sababu kutembea ndiko kulikokuwa kunashtakiwa.

Sasa kilichoachwa nje. Mchezaji wa gofu hatembei kilomita 8 kisha akatoweka. Yuko uwanjani saa 4 au 5, na muda mwingi amesimama: anangoja zamu, anakagua majani, anainama kuweka mpira, anachuchumaa kusoma mteremko wa grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, anazungusha fimbo mara mbili tatu kabla ya kupiga. Uwanja nao una vilima, nyasi ndefu na mchanga. Kila kimoja ni kidogo, lakini saa ni nyingi. Ndiyo maana ukiondoka mahakamani na kufungua vitabu vya fiziolojia, namba zinapanda ghafla.

Wataalamu wa mazoezi wana jedwali linalotumika duniani kote, linalopanga shughuli kwa kipimo cha MET. MET 1 ni nguvu anayotumia mtu aliyekaa kimya, karibu kalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa. Katika toleo la 2011, gofu ya kutembea huku umebeba mfuko wako imepewa MET 4.3. Ya kutembea huku unavuta mfuko kwenye magurudumu imepewa 5.3. Ya kigari, 3.5. Kupiga mipira sehemu moja kwenye uwanja wa mazoezi, 3.0. Mtu wetu wa kilo 80 akibeba mfuko kwa saa 4 anafikia karibu kalori 1,376. Hiyo ni karibu mara tatu ya alichosema profesa.

Hapo ndipo mashabiki wa gofu hushangilia na kufunga kitabu. Wasifunge bado. Katika hizo 1,376 zimo kalori 320 ambazo mtu huyo angezitumia hata kama angekaa kitini saa zote 4. Zitoe, zinabaki 1,056. Hiyo ndiyo gofu halisi, na bado ni makadirio, kwa sababu MET 4.3 ni wastani wa watu waliopimwa. Mtu mwingine kwenye uwanja mwingine atapata kitu tofauti kabisa. Mwaka 2016 timu iliyoongozwa na Andrew Murray wa Chuo Kikuu cha Edinburgh ilipitia tafiti 301 zinazohusu gofu na afya. Kwa mashimo 18, yaani raundi nzima, matumizi yaliyoripotiwa yalianzia kalori 531 hadi 2,467. Ukiambiwa gofu inachoma kalori kadhaa bila kuambiwa ni mtu wa uzito gani, kwenye uwanja gani, kwa njia gani ya kubeba fimbo, umeambiwa karibu na bure. Na ona kwamba kalori 500 za Klug zimekaa chini kidogo ya sakafu ya orodha hiyo, pale inapotarajiwa hesabu ya kutembea peke yake.

Fimbo, kwa upande wake, inachangia kidogo sana. Pigo zima, tangu fimbo inaponyanyuka hadi inapomalizia juu ya bega, halifiki sekunde 2. Mchezaji wa kulipwa hupiga mara 70 hivi kwa mashimo 18, na karibu 30 kati ya hizo ni za kusukuma mpira taratibu kwenye grini. Yanabaki mapigo 40 ya nguvu. Yaunganishe yote, hayazidi dakika moja na nusu. Hata ukiyazidisha kwa mapigo ya majaribio, bado ni dakika chache katika alasiri nzima. Anayekwenda uwanjani akiamini kwamba kuzungusha fimbo ndiko kunakomkondesha amekosea kiungo. Kazi inafanywa na miguu.

Tofauti ya kigari

Turudi kwenye swali ambalo mahakama ililijibu hasa, nalo si gofu inatumia kalori ngapi. Lilikuwa hili: anayepanda kigari anaepuka kiasi gani?

Kwa jedwali la MET, tofauti kati ya 4.3 na 3.5 ni 0.8. Kwa mtu wa kilo 80 na saa 4, ni kalori 256. Ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Naikubali namba hiyo kwa shingo upande, kwa sababu 3.5 za kigari ni za ukarimu. Ndizo jedwali lilelile linazompa mtu anayetembea kwa mwendo wa wastani kwenye tambarare.

Kipimo kingine kinatoka Colorado. Mwaka 2008 Neil Wolkodoff aliwafungia wachezaji wachache vifaa vya kupima pumzi wakicheza mashimo 9 kwenye uwanja wenye vilima, kila mmoja kwa njia nne. Waliobeba mfuko walitumia kalori 721. Waliosukuma mfuko kwenye magurudumu, 718. Waliotembea huku kedi, yaani msaidizi wa kubeba mfuko, akibeba, 613. Waliopanda kigari, 411.

Wachezaji wa PGA Tour hawabebi mifuko yao. Kila mmoja ana kedi. Kwa hiyo ulinganisho unaohusu kesi ya Martin ni kati ya 613 na 411, yaani tofauti ya 202 kwa mashimo 9. Kwa mashimo 18, tukizidisha mara mbili kwa kukadiria, ni 404. Sasa rudi kwenye hukumu: imeelezwa humo kwamba hata akiwa na kigari, Martin alilazimika kutembea zaidi ya maili moja katika kila raundi, kutoka kwenye kigari hadi kwenye mpira na kurudi. Alichoepuka ni karibu maili 4 kati ya 5. Ukichukua kalori 100 kwa maili, kama ilivyo katika hesabu ya Klug, unapata 400. Njia mbili tofauti, moja ya mahakamani na nyingine iliyopimwa miaka kumi baadaye, zinakutana karibu mlango mmoja. Hilo kwangu ndilo linaloipa hesabu ya profesa heshima yake.

Wolkodoff alipata jambo jingine ambalo PGA Tour wasingelipenda. Alirekodi pia matokeo ya mchezo. Wachezaji walifanya vizuri zaidi walipotembea huku wakisukuma mfuko, wastani wa mapigo 40 kwa mashimo 9. Wakiwa na kedi, 42. Kwenye kigari, 43. Wakiwa wamebeba wenyewe, 45. Kigari hakikuwapa faida. Ni kundi dogo, wala halithibitishi kitu kuhusu wachezaji wa kulipwa, lakini linakwenda sambamba na ushahidi uliokuwamo kwenye kesi: katika mashindano ambako PGA Tour wenyewe waliruhusu kigari, wengi wa wachezaji walichagua kutembea. Shahidi mmoja wa Martin alieleza kwamba kutembea humpa mdundo, humweka katika joto siku ya baridi, na humfanya auhisi upepo na ardhi kuliko akiwa ameketi. Watu hawachagui mzigo kwa hiari wakati kuna taji la kushindania.

Na kwa anayefuata kalori, mapigo hayo yana funzo la pembeni. Kubeba mfuko mgongoni kulizidi kuusukuma kwa kalori 3 tu. Kwa faida hiyo isiyoonekana mtu analipa kwa mgongo wake na kwa mapigo 5 zaidi. Mimi ningesukuma.

Uchovu na kalori si kitu kimoja

Sehemu ya hukumu inayonivutia kuliko zote ni ile inayomhusu Martin mwenyewe. Hakimu wa Oregon aliona kwamba uchovu aliokuwa akiupata Martin akiwa na kigari, kwa ile maili moja na ushei, ni mkubwa bila shaka kuliko uchovu wa mchezaji mzima anayetembea maili zote 5.

Angalia maana yake kwa kalori. Ukimpima kwa umbali, Martin alitumia kidogo kuliko wote uwanjani. Ukimpima kwa taabu, aliwazidi wote. Ni kweli kwamba mtu anayechechemea hutumia nguvu zaidi kwa kila hatua kuliko anayetembea sawasawa, kwa hiyo maili yake haikuwa sawa na maili ya mwingine. Lakini hata ukiongeza hilo, kalori hazifikii. Maumivu hayachomi mafuta. Wala woga wa kukosa pigo la mwisho mbele ya maelfu ya watu hauchomi kitu cha kutajwa, ingawa humwacha mtu hoi jioni.

Hapa ndipo mchezaji wa kawaida hujidanganya bila kukusudia. Anatoka uwanjani baada ya saa 5 za jua, akili imechoka kwa kufikiria kila pigo, maji yamempungukia, miguu imefura. Mwili wote unamwambia amefanya kazi kubwa mno. Anajipa ruhusa ya kula na kunywa kwa kipimo cha uchovu huo, ilhali kalori zimehesabiwa kwa kipimo kingine. Klug alilieleza jambo hilo mahakamani kwa ajili ya wachezaji wa kulipwa. Kwa mwenye kitambi ndiyo habari kuu.

Waliojaribiwa Ufini

Hesabu za saa na MET ni za karatasi. Je, mtu akicheza kweli miezi kadhaa, mizani inasemaje? Kuna jaribio moja lililofanywa vizuri, lililochapishwa mwaka 2000 na Jari Parkkari na wenzake wa Ufini. Walichukua wanaume 110 wasiofanya mazoezi, wa umri kati ya miaka 48 na 64. Nusu yao wakacheza gofu kwa kutembea, mara 2 hadi 3 kwa wiki, kwa wiki 20. Nusu nyingine wakaendelea na maisha yao.

Matokeo yalikuwa mazuri. Wachezaji walidumu muda mrefu zaidi kwenye mashine ya kutembelea kwa sekunde 36. Kiuno kilipungua sentimita 2.2. Kolesteroli ya aina nzuri ilipanda. Uzito ulipungua kilo 1.4.

Kilo 1.4. Tuifanyie hesabu kama wanasheria wangemfanyia shahidi. Tuseme mara 2 na nusu kwa wiki, kwa wiki 20: raundi 50. Kwa kalori 1,056 za jedwali kwa kila raundi, jumla ni karibu 53,000. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kubeba kalori 7,700. Wanaume hao walipaswa kupungua karibu kilo 7. Hata kwa kalori 500 za profesa, ambazo tunaambiwa ni za kuidharau gofu, jumla ni 25,000, na walipaswa kupungua zaidi ya kilo 3. Wamepungua chini ya nusu ya hiyo.

Zilikokwenda kalori nyingine si fumbo kwa yeyote anayefuatilia mazoezi na uzito. Mwili unaofanya kazi zaidi huomba chakula zaidi. Mtu aliyetembea asubuhi hukaa zaidi jioni. Na saa 4 za gofu zimechukua nafasi ya saa 4 za kitu kingine, ambacho pengine kilikuwa bustani au kazi za nyumbani, si kitanda. Mambo haya yanaupata mchezo wowote, kukimbia na kuogelea pia. Kwa gofu yanauma zaidi, kwa sababu ni mchezo mrefu wenye vituo vya kula katikati.

Lakini ukiacha mizani na kuangalia kiuno, mapafu na damu, wale wanaume walikuwa na afya bora kuliko walivyoanza. Mtu akiuliza kama gofu inafaa, jibu la Ufini ni ndiyo. Akiuliza kama inakondesha, jibu ni kidogo, tena taratibu. Maswali hayo mawili huchanganywa kila siku, na mchanganyiko huo ndio unaozaa ubishi mwingi kuliko ukosefu wa takwimu.

Kuna pia utafiti wa Karolinska Institutet wa Uswidi, uliochapishwa katika miaka ya 2008 na 2009, ambao vyama vya gofu huupenda sana. Ulifuatilia wachezaji 300,818 na ukakuta kwamba kiwango chao cha vifo kilikuwa chini kwa asilimia 40 kuliko cha watu wengine wa rika, jinsia na hali yao ya maisha, sawa na miaka 5 ya kuishi. Namba inapendeza. Lakini aliyeweza kuingia orodha ya wachezaji ni yule aliyekuwa na nguvu ya kutembea uwanjani tangu mwanzo. Casey Martin angelijua hilo vizuri kuliko sisi.

Hivyo anayetaka kalori afanye nini

Gofu ni zoezi la saa nyingi na kasi ndogo. Kukimbia kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa kuna MET karibu 9.8, mtu wa kilo 80 hutumia kalori 784 kwa saa moja, au 704 ukitoa zile za kukaa. Raundi moja ya gofu ya kutembea, kwa jedwali lilelile, inampita: 1,056 dhidi ya 704. Ila imechukua saa 4. Kwa mwenye saa moja kwa siku, gofu ni njia mbovu ya kuchoma kalori, na hakuna namna ya kulipamba hilo. Kwa mwenye Jumamosi nzima, asiyeweza kukimbia kwa magoti au kwa umri, au ambaye angekimbia wiki mbili kisha akaacha, gofu inamshinda mbio kwa sababu moja tu: ataifanya, tena miaka ishirini.

Kigari kinafuta sehemu kubwa ya faida hiyo. Anayekihitaji kwa sababu ya mguu, moyo au uzee akitumie bila kujieleza kwa mtu; kesi nzima ilikuwa juu ya hilo. Mwenye miguu yake ambaye anakipanda ili awahi shimo la 19, yaani baa ya klabu, asijihesabie kalori za jedwali.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukihesabu saa zote za raundi moja, umeshavuka 150. Mimi sihesabu hivyo. Kilomita 8 kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa ni dakika 96 za kutembea kweli; saa zilizobaki umesimama. Raundi mbili kwa wiki zinakufikisha 192, na hapo umetimiza kwa haki. Mwongozo huohuo unataka pia mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku 2 kwa wiki. Hayo gofu haitoi, na dakika moja na nusu ya kuzungusha fimbo haiyafidii. Hayo yatafutwe nje ya uwanja.